Yule wa Nyuma Ni Nani?

Tarehe 8 Septemba 1966, televisheni ya Marekani ilionyesha Star Trek kwa mara ya kwanza. Hadithi ya siku hiyo iliitwa "The Man Trap". Kuna kiumbe kinachoweza kujigeuza kikawa na sura ya mtu unayemtamani au unayemkumbuka, halafu kikikushika kinakufyonza chumvi yote ya mwili. Kinaingia kwenye chombo cha angani, kinamkuta Luteni Uhura peke yake, na kinajigeuza kuwa mwanaume mweusi, mtanashati, mwenye tabasamu la kukopesha. Kisha kinamsemesha kwa Kiswahili.

Soma hapo tena. Jioni ya kwanza kabisa ya kipindi ambacho wazungu wanakisoma mpaka vyuo vikuu, mtu alisimama ndani ya chombo cha angani akaongea Kiswahili. Kenya yenyewe ilikuwa haijamaliza miaka mitatu ya uhuru. Sitakudanganya kwamba ni Kiswahili cha Lamu. Maneno yanatoka kama ya mtu anayesoma bango la barabarani akiwa ndani ya mathree inayokimbia. Lakini ni Kiswahili.

Mhusika huyo hana jina. Ni mfanyakazi wa chombo, basi. Uso wake unaonekana kwa dakika chache na baada ya hapo haumwoni tena. Aliyemwigiza aliitwa Vince Howard.

Najua hilo kwa sababu nililipwa kujua.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipoisha kabla ya masomo kuisha. Tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya viatu vya duka la mtandaoni, makala za afya za watu ambao hawatawahi kunijua, barua za maombi ya kazi za wasee ambao wenyewe wana digrii. Kisha nikapata mteja wa ng'ambo aliyekuwa akikusanya rekodi za vipindi vya zamani vya televisheni, hasa vya sayansi ya kubuni. Kazi ilikuwa hivi: unatazama kipindi sekunde kwa sekunde, kila ukiona uso ambao si wa wahusika wakuu unausimamisha, unaandika dakika, unaandika nguo, halafu unatafuta ni nani. Senti 40 za dola kwa kila uso uliothibitishwa. Nyuso thelathini kwa siku ni dola kumi na mbili. Ukitoa tokeni za stima na bando, bado unakula.

Kazi hii ina ufundi wake. Cha kwanza ni masikio. Uso unazeeka, unapakwa rangi, unabandikwa ndevu, lakini sikio linabaki na ramani yake. (Kwenye Star Trek hii ina matatizo kidogo, maana nusu ya watu wamebandikwa masikio yenye ncha.) Cha pili ni sauti. Cha tatu ni mwendo, kwa sababu mtu anaweza kubadilisha nguo lakini magoti hayabadilishi. Cha nne ni mwaka: lazima ujue picha ilipigwa lini, ndipo ujue nani alikuwa hai, nani alikuwa na umri gani, nani alikuwa mji gani.

Chukua Mark Lenard. Mwaka 1966 alikuwa kamanda wa Waromulani kwenye "Balance of Terror", adui mwenye heshima zake. Mwaka uliofuata, kwenye "Journey to Babel", akarudi akiwa Sarek, baba yake Spock. Mwaka 1979, kwenye filamu ya kwanza ya Star Trek, akawa nahodha wa Waklingoni. Makabila matatu ya angani, mtu mmoja. Sauti ndiyo inamuuza kila mara.

Lakini niliyempenda zaidi ni Eddie Paskey. Huyu alikuwa anasimama mahali pa William Shatner wakati taa zinapangwa, na kamera ikiwaka anawekwa nyuma: mlangoni, kwenye mitambo, koridoni. Alitokea kwenye vipindi zaidi ya hamsini, zaidi ya wengi ambao majina yao yamo kwenye mabango. Mara nyingi hana neno hata moja la kusema. Mhusika wake akaja kuitwa Luteni Leslie. Kwenye kipindi cha "Obsession" cha 1967 Leslie anauawa, unaona kabisa mtu amekufa, halafu baadaye yuko tena kazini kama kawaida. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya muvi tunajua sheria moja tu ya sinema: staringi hafi. Kumbe kulikuwa na ekstra mmoja Marekani naye alikataa kufa, na hakuna aliyemuuliza.

Wanaojua jina la Paskey leo wanalijua kwa sababu kuna watu walikaa chini wakahesabu. Walisimamisha picha, wakalinganisha, wakatafuta karatasi za malipo. Hakuna serikali iliyowatuma. Waliamua tu kwamba mtu aliyesimama nyuma miaka mitatu anastahili kuandikwa.

Na suala la majina, hata mbele halikuwa rahisi. Uhura mwenyewe, ambaye jina lake lilichotwa kwenye neno letu uhuru, alikaa kwenye skrini tangu 1966 bila jina la kwanza. Wapenzi wa kipindi na waandishi wa vitabu walimwita Nyota, lakini skrini ilikuja kulitaja kwenye filamu ya 2009. Miaka arobaini na mitatu. Nichelle Nichols aliyemwigiza alifariki Julai 2022. Mwaka huohuo, kwenye Strange New Worlds, Uhura kijana aliyeigizwa na Celia Rose Gooding alieleza kwamba ametoka Kenya na kwamba wazazi wake walifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Anajua lugha 37. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu usiku. Mtoto wa maprofesa wa Nairobi amefika kwenye nyota, na mimi niko Soweto East namwandikia dakika aliyoonekana.

Ngoja nikupe mwingine kabla sijarudi nyumbani. Mwaka 1983, Return of the Jedi. Pembeni ya Lando Calrissian kwenye usukani kuna kiumbe mwenye mashavu makubwa anayeitwa Nien Nunb. Anaongea lugha ambayo dunia nzima iliichukulia kuwa ya kubuni. Wakenya walioketi sinema wakageukiana. Ile sauti ilikuwa ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na alikuwa akiongea Kikalenjin na Kikuyu. Kwenye orodha ya mwisho jina lake halikuwepo. Aliitwa tena kwa filamu ya 2015, The Force Awakens. Fikiria hiyo. Filamu imeonyeshwa kila bara, na watu pekee walioweza kusema "huyu ni wetu" bila kusoma popote walikuwa watu wa huku. Hawakumtambua kwa uso, maana uso ulikuwa wa mpira. Walimtambua kwa mama zao.

Sasa nyumbani.

Mimi ni wa Soweto East, ile ya Kibera, upande wa Lang'ata. Septemba 2009, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, familia za kwanza za Zone A zilihamishiwa magorofa ya ng'ambo, upande wa Lang'ata, ili vibanda vibomolewe na nyumba mpya zijengwe. Nyumba hizo, 822, zilikabidhiwa mwaka 2016 na Rais aliyeitwa Uhuru. Leo nimekodi chumba kimoja ndani ya mojawapo. Dirishani naona mabati ambayo bado hayajafikiwa, na jioni nasikia kibanda cha muvi kikipasua spika.

Kama hujawahi kuketi kwenye kibanda cha muvi, hujui namna ya kutambua waigizaji. Pale hakuna anayesubiri majina ya mwishoni. DJ Afro anawabatiza papo hapo, kwa Kiswahili na Sheng, na jina alilompa mtu ndilo linabaki. Wachina wote wana majina ya Kikuyu. Ukitaka kujua nani atakufa, unauliza aliyekaa mbele, amekwisha kuiona mara nne.

Hivyo Sense8 ilipotoka tarehe 5 Juni 2015, mtaa uliitazama kwa macho hayohayo. Netflix yenyewe ilifika Kenya rasmi Januari 2016, lakini flashi zilikuwa zimeshazunguka. Hadithi ni ya watu wanane katika miji minane wanaoshiriki akili moja: mmoja akipigwa, mwingine anausikia uchungu, mmoja akijua kupigana, wote wanajua. Wa Nairobi anaitwa Capheus. Anaendesha mathree iliyochorwa Jean-Claude Van Damme na kuandikwa Van Damn, na anahangaika kumtafutia mama yake dawa za ukimwi. Hiyo sehemu ya sayansi ya kubuni watu waliimeza bila shida. Walichokataa kumeza ni lafudhi.

Maana Capheus wa msimu wa kwanza ni Aml Ameen, mzaliwa wa London. Msimu wa pili, uliotoka Mei 2017, akaletwa Toby Onwumere kutoka Marekani. Staringi akabadilishwa mchana kweupe. Lakini rafiki yake Jela, yule anayekaa naye kwenye gari, hakubadilishwa. Huyo ni Paul Ogola, ambaye wengi wetu tulikuwa tumemwona kwenye Nairobi Half Life ya 2012. Mama yake Capheus ni Chichi Seii. Silas Kabaka, yule tajiri wa kutisha mwenye binti mgonjwa, ni Peter King Mwania. Githu wa genge la Superpower ni Lwanda Jawar. Zakia wa msimu wa pili ni Mumbi Maina. Ukiuliza Berlin au Chicago, hao ni waigizaji wa pembeni. Ukiuliza base yetu, hao ndio kipindi, na Capheus ni mgeni aliyekuja kutembelea.

Hiyo ndiyo kitu nilijifunza bila kulipwa: "mwigizaji mgeni" inategemea umeketi wapi.

Na Kibera tumeketi mbele ya kamera muda mrefu. The Constant Gardener ya Fernando Meirelles ilipigwa hapa mwaka 2004, na Rachel Weisz akabeba Oscar. Kibera Kid ilitoka 2006. Soul Boy ya Hawa Essuman, hati ya Billy Kahora, ilitoka 2010, na wengi mle ni watu wa hapahapa. Kila mmoja akipiga picha hapa, nyuma lazima papite watu, na hao watu hawaagizwi kutoka London. Ni sisi. Unaitwa na msee anayejua msee, unaambiwa vaa ulivyovaa, usiangalie kamera, pita. Pita tena.

Jirani yangu wa chini ni mama wa miaka sitini hivi, anauza maharagwe na githeri jioni. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi.

"Wewe si ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo, mathe."

"Nimesikia unatafutanga watu kwa muvi."

Kijana wake alikuwa amefariki 2019. Boda boda, usiku, Mbagathi Way. Hakunihadithia zaidi ya hapo na sikumuuliza. Alichotaka ni kitu kimoja. Miaka ya nyuma kijana aliwahi kupata kazi ya siku moja kwenye muvi ya wazungu. Alipita nyuma ya mzungu mara sita, kwa sababu mzungu alikuwa anasahau maneno. Jioni alirudi na shilingi elfu moja na kipande cha kuku alichomwekea kwenye foili.

"Picha nilibaki nayo ni ya kitambulisho," akaniambia. "Na pale amekaa ni kama amekamatwa. Nataka kumwona akitembea."

Nilimwambia nitajaribu. Nikamuuliza maswali niliyozoea kujiuliza kuhusu wazungu wa 1967. Ilikuwa lini? Hakumbuki mwaka, ila ilikuwa kabla Obama aje. Obama alikuja Julai 2015, kwa hivyo hiyo ilikuwa alama nzuri kuliko tarehe. Mchana au usiku? Mchana. Wapi? Stendi ya magari. Alikuwa mrefu? Wa kawaida. Masikio? Akacheka. "Kama vikombe vya chai." Mwendo? Alivunjika mguu wa kushoto akicheza boli, anauvuta kidogo akichoka. Kitu kingine? Akafikiri. Kisha akasimama palepale kwenye ngazi akanionyesha: mkono mmoja unapita nyuma ya mgongo unashika kiwiko cha mwingine. "Akingoja kitu alikuwa anasimama hivi."

Nikapata filamu na vipindi vitatu vilivyopigwa Nairobi kabla ya wakati huo na vyenye stendi ya magari mchana. Sitavitaja ni vipi, kwa sababu ninaowazungumzia kuanzia hapa hawakuniomba niwaanike. Nilitazama kila kimoja kama kazi ya mteja, isipokuwa sasa hakukuwa na karatasi za malipo, hakukuwa na vitabu, hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyewahi kuuliza swali hilo. Vince Howard unamtafuta kwenye intaneti unampata sekunde hiyo. Mtu aliyepita nyuma ya mzungu stendi ya Nairobi hana hata mstari mmoja. Na si ukatili wa mtu fulani. Ndiyo desturi ya sinema karibu kila mahali: ekstra haandikwi. Tofauti ni kwamba wa kwao wamepata watu wa kuwarudia.

Hapo katikati mteja wangu aliniandikia kwamba kazi ya nyuso sasa itafanywa na programu, asante sana, malipo ya mwisho yanakuja. Sikushangaa. Nilijaribu programu moja ya bure kwenye picha za stendi. Ilimtambua mzungu mara moja, hata akiwa amegeuka. Waliobaki wote iliwaandika "mtu". Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu programu za kusoma nyuso: kwenye kazi nyepesi tu ya kusema huyu ni mke au mume, makosa kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe hayakufika asilimia moja. Kwa hivyo mashine ilikuwa imechukua kazi yangu ya wazungu na kuniachia ya mtaa. Nikaona ni sawa. Ndiyo iliyokuwa na haraka.

Siku ya tisa nilimpata. Yaani nilipata mtu. Sekunde tatu, nyuma ya bega la mwigizaji, karibu na mathree iliyoegeshwa. Fulana ya rangi ya machungwa. Mkono umepita nyuma ya mgongo umeshika kiwiko. Masikio hayaonekani vizuri, kuna kivuli. Hatembei, amesimama.

Nilikaa na zile sekunde tatu usiku kucha. Mwili wangu wote ulitaka iwe yeye. Kumwambia "ndiye" kungekuwa rahisi: mama angeona kijana, mimi ningeona mama akifurahi, hakuna mtu wa kunibishia. Lakini kazi niliyojifunza ina sharti moja. Uso usiothibitishwa hauandikwi jina. Ukiandika jina lisilo lake, umefuta watu wawili, yule uliyemtaja na yule aliyesimama pale kweli.

Jumapili baada ya kanisa nikamwita. Nikamwekea kiti, nikamwambia, "Mathe, kuna mtu hapa. Sijui kama ni yeye. Wewe ndiye utaniambia."

Akavaa miwani. Nikaicheza. Akasema rudisha. Nikarudisha. Mara ya tatu akaegemea mbele mpaka pua ikakaribia skrini. Nje mtoto wa mtu alikuwa anagonga debe.

"Siye," akasema.

Nikaanza kusema pole. Akaniwekea mkono.

"Ngoja. Huyu namjua. Huyu ni kijana wa yule mama alikuwa anauza omena huko kwa reli."

"Una uhakika?"

"Walikuwa marafiki na wangu. Hata kusimama walikuwa wanaigana, ndiyo umechanganyikiwa." Akacheka kidogo, halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekasirika kwa niaba ya mwingine, "Sasa mama yake anajua ako hapa?"

Mama wa omena hakuwa mtaani tena. Julai 2018, tingatinga zilipopitia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, watu kama elfu thelathini walibaki nje, naye alikuwa miongoni mwao. Alirudi nyumbani Homa Bay. Namba yake ilipatikana kupitia chama cha akina mama, simu nne baadaye. Nikakata zile sekunde tatu, nikazituma kwa WhatsApp ya mjukuu wake.

Jibu lilikuja usiku, sauti, nusu Kijaluo nusu Kiswahili. Ni yeye. Hata hiyo fulana alimnunulia mwenyewe, soko la Toi. Na kijana yuko hai. Yuko Qatar, mlinzi, anasimama mlangoni mwa duka kubwa. Akanipa namba.

Kijana wa omena alipiga mwenyewe, video, akiwa kwenye kitanda cha juu na sare bado mwilini. Sekunde tatu zake alikuwa ameshazitazama mara ishirini na kuwaonyesha Wanepali wote wa chumba. "Buda, kumbe nilitokea!" Kisha akaanza kuhesabu bila kuulizwa. Dem mwenye kikapu ni nani. Makanga aliyening'inia mlangoni ni nani, na kwamba huyo alikuwa makanga kweli, si kuigiza. Mzee wa gazeti ni nani. Kila jina lilikuwa na mtaa wake na namba ya mtu anayemjua. Nikaandika mpaka ukurasa ukaisha.

Mwisho nikamuuliza kuhusu rafiki yake. Akanyamaza.

"Tulienda pamoja hiyo siku. Alikuwa hapo kushoto kwangu. Lakini ile upande kamera haikufika." Akafikiri. "Kuna ingine walipiga baadaye, ile ya kupita. Sijui kama waliiweka."

Nilitazama tena chote kutoka mwanzo. Hawakuiweka, au wameiweka mahali ambapo macho yangu hayajafika.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mama jinsi nilivyoambiwa. Hakulia. Aliomba nimwekee zile sekunde tatu tena. Fulana ya machungwa ikasimama nyuma ya bega la mzungu. Mama akanyoosha kidole akagusa ukingo wa kushoto wa kompyuta, pale skrini inapokwisha na plastiki inaanza.

"Kwa hivyo ni hapa," akasema.

"Ni hapo, mathe."

Tangu siku hiyo anakuja Jumapili nyingi. Wakati mwingine anakuja na mwenzake wa chama. Wanatazama ile The Constant Gardener, wanatazama Soul Boy, wanatazama chochote nitakachoweka, na hawamwangalii staringi hata kidogo. Wanaangalia kamba za nguo. Wanaangalia nani alikuwa na mabati mapya mwaka huo. Wanabishana, wanapiga simu, wanakubaliana. Mara moja walibishana dakika arobaini juu ya choo. Nilikuwa nadhani nina ujuzi, lakini mimi najua masikio tu. Wao wanajua nani alimzaa nani, alihamia wapi, na deni gani hakulipa.

Daftari ninalotumia ni lilelile la Star Trek, nimegeuza nyuma nikaanza upya. Mstari mmoja kwa mtu mmoja: filamu, dakika, nguo, jina, aliyemtambua. Mpaka leo kuna watu kumi na moja waliothibitishwa. Wanane nimeongea nao. Wawili hawakuwahi kujua kwamba walitokea. Mmoja ameniomba nisimwandike, nami nimemfuta.

Na kuna mstari ambao hauna dakika wala nguo. Mama alinishurutisha. Nilimweleza sharti, kwamba asiyeonekana haandikwi. Akaniuliza yule mwingine si amesema alikuwa hapo, au neno la aliyesimama naye si ushahidi? Sikuwa na jibu, na nikifikiri vizuri, wale wanaohesabu kina Paskey wameandika wengi kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Kwa hivyo nimeandika: kushoto, nje ya picha. Jina alinisomea mwenyewe, la ubatizo, la nyumbani, la baba yake, herufi moja moja, akiangalia kalamu yangu mpaka nikamaliza.